Tuligawe Shina la Migomba Lililosongamana



Katika somo la leo tunakwenda kibanjani. Chukua daftari na kalamu, lakini usisahau panga. Mambo mengine husomwa kitabuni, na mengine husomwa kwenye udongo. Somo hili linataka vyote viwili.

Sisi ni kikundi cha wanakisomo wa kijiji kimoja mkoani Kagera. Kwetu ndizi ndiyo chakula. Mtu akila wali akashiba, bado atakuuliza, "Chakula kiko wapi?" Kwa hiyo kibanja kikifa, nyumba nayo imo hatarini. Tunataka kuwaeleza jinsi tulivyookoa kibanja cha mama mmoja wa kijijini kwetu, na kosa tulilofanya kabla ya kufanikiwa.

MIGOMBA ILIYOSHINDWA NA MIKUNGU

Mama huyo ni mjane. Kibanja chake alikilima pamoja na marehemu mumewe kwa miaka mingi. Siku moja ya mvua za vuli ulivuma upepo, wala haukuwa mkali sana. Asubuhi tulikuta migomba saba imelala chini, yote na mikungu michanga. Tembo hashindwi na mkonga wake, lakini migomba ile ilishindwa na mikungu yake.

Maneno yakaanza. Mmoja alisema ardhi imechoka. Mwingine alisema kuna mkono wa mtu. Wa tatu alimshauri auze, akaishi kwa bintiye mjini. Mama yule alijibu, "Wanangu, nikiuza kibanja, mimi ni mgeni kila mahali. Kwanza nionyesheni ugonjwa, ndipo mnizike."

Maneno hayo yalituchoma. Tulichukua majembe na mtaimbo, tukaanza kuchimba. Tuliamua kuona kwa macho yetu kabla ya kumsingizia mtu au ardhi.

TULICHOKIONA CHINI YA UDONGO

Kabla hatujaendelea, tupatane juu ya maneno. Katika somo hili, mgomba ni mti mmoja unaozaa mkungu mmoja. Shina ni ukoo mzima wa migomba inayoota mahali pamoja. Tunguu ni kile kiazi kikubwa kilicho chini ya kila mgomba. Mizizi hutoka kwenye tunguu, na machipukizi hutoka hapo hapo.

Mgomba ukishazaa hauzai tena. Tunguu lake huzeeka, na watoto wake hushika nafasi. Kila mtoto huota kando ya mama yake, mara nyingi juu kidogo kuliko mama. Mjukuu naye huota juu ya mtoto. Hivyo miaka ikipita shina hupanda juu, kama mtu anayejenga nyumba mpya juu ya paa la nyumba ya zamani.

Ndivyo tulivyokuta. Shina moja lilikuwa na migomba kumi na mmoja, mikubwa kwa midogo. Mizizi ilikuwa imesokotana kama nyuzi za mkeka uliofumuka. Mingi ilikuwa juu ya udongo, mikavu. Katikati ya shina palikuwa na matunguu ya zamani yaliyooza. Migomba yote kumi na mmoja iligombania chakula kile kile, maji yale yale na mwanga ule ule. Ndiyo maana mikungu ilikuwa midogo, na ndiyo maana upepo mdogo uliweza kuiangusha.

Tulipopasua tunguu moja tukaona na adui. Lilikuwa na vichochoro vyeusi, na ndani yake viwavi weupe wasio na miguu, wenye vichwa vya rangi ya kahawia. Hao ni watoto wa fukusi wa migomba. Fukusi mwenyewe ni mdudu mweusi, urefu wake kama sentimita moja. Hutembea usiku, na mchana hujificha penye unyevu. Ukimgusa hujifanya amekufa. Jike hutaga yai moja moja karibu na tunguu, na yai likianguliwa mtoto huingia ndani kula. Kwa hiyo mgomba huliwa miguu huku majani bado yanameremeta.

Upo na uharibifu mwingine tusioweza kuwaona wanaoufanya. Kuna minyoo midogo sana inayoishi ndani ya mizizi. Mzizi uliopasuliwa huonyesha rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva badala ya weupe. Mizizi ya namna hiyo huoza, na mgomba hukosa nanga.

KOSA LETU

Hapa tuseme ukweli. Mara ya kwanza tulifanya haraka. Tuling'oa machipukizi, tukayapunguza majani, tukayagawa kwa nyumba sita pamoja na udongo na mizizi yake. Tuliona huruma kuikata mizizi. Mzee mmoja alituambia, "Mizizi ndiyo uhai. Ukiikata umeua." Tukamwamini, kwa kuwa maneno yake yalikuwa na sura ya hekima.

Baada ya miezi michache, migomba mipya katika nyumba nne ilidumaa. Tukachimba. Fukusi wale wale! Tulikuwa tumewabeba wenyewe, tumewapa na safari ya bure. Wenye nyumba wawili walitununia hadi leo, na hatuwalaumu.

Bibi shamba wa kata yetu alitueleza bila kutucheka. Alisema, "Chipukizi likishang'olewa, mizizi yake ya zamani haina kazi tena. Itaoza tu. Tunguu ndilo lenye akiba ya chakula, nalo litatoa mizizi mipya. Ninyi mmehifadhi uchafu mkadhani ni uhai."

Tulimrudia mzee tukamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hata mimi nimesoma leo." Siku ya kazi alikuwa wa kwanza kufika, na panga lake limenolewa.

KABLA YA KUSHIKA PANGA

Jambo la kwanza ni afya ya shamba. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia mkoa wetu wa Kagera. Nchini Uganda ulikuwa umeonekana tangu mwaka 2001. Dalili zake ni hizi: majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na bila mpangilio, na ndani ya ndizi huwa na rangi ya kahawia. Ukikata mgomba, baada ya muda hutoka usaha wa manjano.

Ukiona dalili hizo, acha kazi ya kugawa. Usichukue chipukizi katika shamba hilo hata kama chipukizi lenyewe linaonekana zima. Ugonjwa unaweza kujificha ndani yake, na maji ya moto tutakayoyaeleza mbele hauuogopi. Mwite bwana shamba au bibi shamba.

Jambo la pili ni panga. Panga huchukua ugonjwa kutoka shina moja hadi jingine, kama sindano isiyochemshwa. Washa moto pembeni ya shamba. Kila ukimaliza shina moja, pasha panga kwenye ndimi za moto mpaka lisishikike kwa mkono, ndipo uende shina la pili. Fanya hivyo kwa jembe na mtaimbo pia. Kazi hii inachosha, lakini usiiruke.

Jambo la tatu ni wakati. Gawa mashina mvua zinapoanza, siyo kiangazi. Mashimo ya kupandia yachimbwe mapema, ili machipukizi yasilale nje yakisubiri.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Zunguka shina, litazame vizuri. Chagua watakaobaki. Kanuni ni mama, mtoto na mjukuu. Mama ndiye mwenye mkungu au anayekaribia kuzaa. Mtoto amefika kimo cha mtu au zaidi. Mjukuu ni chipukizi dogo lenye nguvu. Wachague waliofuatana upande mmoja, na upande huo uwe ule ule kwa kila shina. Hapo nafasi kati ya mashina haitapotea. Wafunge kamba ya mgomba ili mwenye panga asikosee.

Hatua ya 2. Chagua machipukizi ya kupanda. Yako ya namna mbili. La kwanza lina majani membamba kama sime, na chini ni nene. Hilo tunaliita chipukizi sime. La pili lina majani mapana tangu likiwa fupi, na chini ni jembamba. Hilo ni chipukizi maji. Panda sime, maana lina tunguu kubwa na limeshikamana vema na mama. Chipukizi maji hupendeza macho tu. Chagua lenye kimo cha kati ya goti na kiuno.

Hatua ya 3. Chimba upande wa nje wa chipukizi, kama futi moja kutoka kwake. Ondoa udongo kwa jembe mpaka uone tunguu na mahali linapoungana na tunguu la mama.

Hatua ya 4. Mizizi iliyosokotana usiivute. Ukivuta, unatikisa mama na kupasua tunguu lake. Ikate kwa panga kali. Kisha weka ncha ya mtaimbo mahali pa kuungana, piga mara moja au mbili kwa nguvu. Chipukizi litaachana na mama kwa jeraha dogo. Usilipindue kama anayeng'oa muhogo.

Hatua ya 5. Ondoa matunguu ya zamani yaliyooza katikati ya shina. Yakatekate vipande vidogo, yatandaze juani yakauke. Yakiachwa mabichi ni nyumba ya fukusi.

Angalizo: shina lililozeeka sana usilimalize siku moja. Tulipolichimba lile la migomba kumi na mmoja pande zote, mama alibaki akiyumba. Tuliwahi kumwegemeza kwa nguzo yenye panda. Baada ya hapo tulijifunza kuchimba nusu msimu huu, na nusu msimu unaofuata.

KUMENYA NA KUCHEMSHA

Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza, kwa hiyo tusome polepole.

Peleka machipukizi mbali kidogo na shamba la zamani. Kata mizizi yote. Ndiyo, yote. Kisha menya ganda la tunguu kama unavyomenya kiazi, mpaka uone weupe mtupu. Mayai ya fukusi na minyoo mingi ya mizizi hukaa karibu na ganda, na sasa umewaondoa. Ukikuta kidoa au kichochoro kimoja kifupi, kichimbe kitoke. Ukikuta vichochoro vingi, tupa tunguu hilo, hata kama roho inauma. Maganda yasibaki shambani. Yaanike yakauke kabisa au yachome.

Sasa pata maji. Chemsha maji katika sufuria kubwa au pipa lililokatwa, yachemke kweli kweli. Tia matunguu yaliyomenywa ndani ya kikapu au gunia lenye matundu, zamisha, na hesabu moja hadi thelathini kwa mwendo wa sekunde. Toa mara moja. Sekunde thelathini zinatosha kuua minyoo na mayai yaliyosalia karibu na nje, lakini hazitoshi kuua uhai wa tunguu. Ukizidisha utapika mbegu.

Siku ile kazi ya kuhesabu tulimpa mama yule mjane. Yeye alijifunza hesabu kwenye kisomo akiwa mtu mzima. Alisimama kando ya pipa akihesabu kwa sauti, na watoto wakimfuata kama darasani. Alipofika thelathini alipaza sauti, "Toa!" Hakuna tunguu hata moja lililopikika.

Usiyalaze machipukizi yaliyomenywa karibu na migomba ya zamani. Harufu ya tunguu lililokatwa huwaita fukusi. Yakishapoa, yapande upesi.

KUPANDA

Shimo liwe futi 2 kwenda chini, na futi 2 kila upande. Unapochimba, udongo wa juu weka kulia, wa chini weka kushoto. Changanya udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza, urudishe shimoni. Samadi mbichi huunguza.

Simamisha chipukizi katikati, tunguu liingie kama futi moja chini ya ardhi. Usipande juu juu, maana ndiyo njia fupi ya kulirudisha shina mahali lilipokuwa. Shindilia kwa mguu bila kulijeruhi. Acha kisahani kidogo cha kukusanya maji ya mvua. Kati ya shimo na shimo ziwe hatua ndefu tatu, yaani mita 3.

Tandaza majani makavu shambani ili kuhifadhi unyevu, lakini yasiguse mgomba. Acha nafasi ya futi 2 kuuzunguka. Fukusi hupenda giza lenye unyevu miguuni pa mgomba.

TUSIWASAHAU WALIOBAKI

Watu wengi wakipata miche hufurahi wakalisahau shina walikoitoa. Hilo ni kosa. Mama amepata majeraha. Jaza mashimo siku ile ile kwa udongo mzuri na samadi, upandishe udongo mpaka ufunike mizizi iliyo wazi.

Ukivuna mkungu, kata mgomba uliozaa hadi usawa wa ardhi, ufunike jeraha kwa udongo. Gogo lipasue vipande, likauke. Vipande vichache unaweza kuvitumia kama mtego: vilaze karibu na shina, upande uliokatwa ukigusa ardhi. Asubuhi vigeuze. Fukusi utakaowakuta waokote, uwaue. Vipande visikae hapo siku nyingi, maana mtego ukiachwa hugeuka nyumba yao.

Kila baada ya miezi miwili au mitatu, pita ukiondoa machipukizi usiyoyahitaji yakiwa bado madogo. Ua na kile kiini cha katikati, la sivyo yataota tena. Mkungu ukimaliza kutoa vichana, vunja ua la chini kwa mti wenye panda. Usitumie panga. Wadudu wanaotua kwenye ua hilo ndio hueneza mnyauko.

TULICHOVUNA

Mwaka ule mama yule alivuna mikungu michache kuliko kawaida. Majirani wengine walisema, "Si tulisema? Mmemfyekea chakula." Hata sisi tulipata wasiwasi, na kwa miezi kadhaa tulimpelekea ndizi kwa zamu. Tunawaambia hili ili mkiligawa shina msitarajie muujiza. Mgomba mpya wa kwetu huchukua mwaka mmoja na nusu hivi kufika mavuno. Ndiyo maana tunasema gawa sehemu ya kibanja, siyo kibanja kizima kwa mara moja.

Mwaka wa pili upepo ulivuma tena. Migomba ilipepesuka, ikarudi wima. Mkungu wa kwanza wa shina jipya ulibebwa na kijana mmoja mwenye misuli, naye aliupumzisha njiani mara mbili. Mama hakuuuza. Aliukata vichana, akatugawia nyumba zote sita tulizozipelekea fukusi, pamoja na zile mbili zilizonuna. "Mpelekeeni na hii," alisema, "na mwambieni mlipokosea." Tulikwenda, tukasema.

Ndugu msomaji, usingoje upepo ukufundishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kesho asubuhi ingia kibanjani, hesabu migomba katika kila shina, na uandike.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini shina la migomba hupanda juu miaka ikipita?
2. Mzee alisema mizizi ndiyo uhai. Alikosea wapi? Je, mlimjibuje mzee wa kwenu aliyekosea, bila kumvunjia heshima?
3. Taja tofauti mbili kati ya chipukizi sime na chipukizi maji.
4. Kwa nini panga lipashwe moto kati ya shina na shina?
5. Jirani anaomba machipukizi, nawe umeona dalili za mnyauko shambani mwako. Utamwambia nini?

HESABU

Shamba lina urefu wa mita 30 na upana wa mita 24. Mashina yako mita 3 kwa mita 3. Kila shimo linataka madebe 2 ya samadi. Yanahitajika mashimo mangapi, na madebe mangapi?

Njia: 30 gawa kwa 3 ni 10. 24 gawa kwa 3 ni 8. 10 mara 8 ni mashimo 80. 80 mara 2 ni madebe 160.

Sasa pima shamba lako kwa kamba, ufanye hesabu yako mwenyewe.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kibanja: shamba la migomba linalozunguka nyumba.
Tunguu: kiazi cha chini ya mgomba, chenye kutoa mizizi na machipukizi.
Fukusi: mdudu mweusi ambaye watoto wake hutoboa tunguu.
Samadi: mbolea ya mifugo.
Mtaimbo: chuma kirefu cha kuchimbia na kupasulia.